Fichte na Madai ya Lugha Iliyo Hai

Katika vitabu vya historia ya falsafa, Johann Gottlieb Fichte hutajwa kuwa ndiye aliyesimama kati ya Immanuel Kant na Hegel. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini imesababisha asomwe kwa haraka, kama mtu anayestahili kutajwa kwa ajili tu ya waliomtangulia na waliomfuata. Kwa wale wanaoshughulika na lugha, Fichte anayo haki ya kusomwa kwa ajili ya jambo lake mwenyewe. Katika majira ya baridi ya mwaka 1807 na 1808 alitoa mjini Berlin hotuba 14, na ndani yake alidai kwamba ziko lugha zilizo hai, na ziko nyingine ambazo zimekufa ingawa bado zinasemwa. Na kwamba tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama watu wataweza kufikiri kwa kina, kuelimishwa na kujitawala. Dai hilo limefika mahali pengi ambako falsafa yake haikufika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi dai hilo lilivyozaliwa, kulipima kwa ushahidi wa Kijerumani chenyewe na wa Kiswahili, na kuonyesha ni sehemu gani inayofaa kushikwa na ni ipi inayofaa kuachwa.

I. Maisha yake

Fichte alizaliwa tarehe 19 Mei, 1762, katika kijiji cha Rammenau, nchi ya Saxony. Baba yake alikuwa mfumaji wa utepe, na nyumba haikuwa na mali ya kumsomesha mtoto. Husimuliwa kwamba Jumapili moja bwana mmoja wa nchi ile, Baron von Miltitz, alichelewa kufika kanisani, akasikitika kuyakosa mahubiri. Akaambiwa kuwa yuko mtoto pale kijijini awezaye kuyasema yote tangu mwanzo hata mwisho. Mtoto aliitwa, akayasema, na yule bwana akachukua gharama za masomo yake. Hivyo Fichte aliingia katika shule mashuhuri ya Pforta mwaka 1774, na tangu mwaka 1780 alisoma katika vyuo vikuu vya Jena na Leipzig. Msaada ulipokoma aliacha chuo bila ya kumaliza, akawa mwalimu wa watoto wa matajiri majumbani mwao.

Mwaka 1790 mwanafunzi mmoja alimwomba amfundishe falsafa ya Kant. Fichte aliisoma falsafa hiyo ili apate riziki, na kusoma huko kukamgeuza kabisa. Mwaka uliofuata alisafiri hadi Königsberg kumwona Kant mwenyewe, na ili ajulikane kwake aliandika kitabu cha uhakiki wa madai ya ufunuo wa dini. Kitabu hicho kilipotolewa mwaka 1792 bila ya jina la mtungaji, wasomi wengi walidhani ni kazi ya Kant. Kant alipotangaza mtungaji ni nani, Fichte akawa mashuhuri kwa siku chache. Mwaka 1793 alimwoa Johanna Rahn wa Zürich, na mwaka 1794 akapewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Jena.

Huko Jena ndiko alikojenga falsafa yake. Kwa muhtasari, alifundisha kwamba elimu haiwezi kuanza na kitu kilichopo nje, kwani kila kitu hujulikana na mwenye kujua. Haina budi kuanza na Nafsi, nayo Nafsi si kitu bali ni tendo: hujiweka yenyewe, na katika kujiweka huko hukutana na kile kisicho Nafsi. Ili kulitaja tendo hilo aliunda neno jipya, Tathandlung, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kijerumani yenye maana ya tendo. Wala hakukubali kuiita elimu yake kwa jina la Kigiriki la falsafa, bali aliiita Wissenschaftslehre, yaani mafundisho juu ya elimu, akisema kwamba taifa litakaloigundua elimu hiyo lastahili kuipa jina litokalo katika lugha yake. Kwa hiyo jambo la lugha halikumjia kwa ghafula mwaka 1807. Hata mwaka 1795 alikuwa amekwisha kutoa makala juu ya uwezo wa lugha na asili yake.

Mwaka 1799 alilazimika kuondoka Jena baada ya kushtakiwa kuwa anamkana Mungu, akahamia Berlin. Ni katika mji huo, ulioko katika dola ya Prussia, alikotoa hotuba zinazohusika hapa.

II. Hotuba za Berlin

Tarehe 14 Oktoba, 1806, majeshi ya Napoleon yaliishinda Prussia katika mapigano ya Jena na Auerstedt, na muda si muda Wafaransa wakaingia Berlin. Fichte alikimbilia Königsberg, kisha Copenhagen. Aliporudi mwaka 1807, mji ulikuwa bado umekaliwa na askari wa kigeni. Tangu tarehe 13 Desemba, 1807, hadi tarehe 20 Machi, 1808, alihutubia siku za Jumapili katika jengo la Akademia. Hatari ilikuwa ya kweli: mwaka 1806 muuza vitabu mmoja aliyeitwa Palm alikuwa amepigwa risasi kwa amri ya Wafaransa kwa sababu ya kijitabu kilichowashutumu. Hotuba hizo zilichapishwa mwaka 1808 kwa jina la Reden an die deutsche Nation, yaani Hotuba kwa Taifa la Kijerumani.

Atakaye kumhukumu Fichte kwa haki lazima akumbuke kwamba hakuwaita watu washike silaha. Aliwaita waanzishe elimu mpya ya watoto wote, wa kike na wa kiume, maskini na matajiri, na mfano aliouelekeza ni kazi ya Pestalozzi, mwalimu wa Kiswisi. Hoja ya lugha iliingia ili kujibu swali moja: je, watu walioshindwa vitani, wasio na serikali moja wala mipaka yao wenyewe, wamebakiwa na nini cha kuwafanya wawe taifa? Jibu lake lilikuwa kwamba wamebakiwa na lugha.

III. Dai lenyewe

Dai hilo limepangwa katika hotuba ya nne. Fichte asema kwamba maneno ya mambo yasiyoonekana, kama vile ya akili, ya dini na ya maadili, hutokana na maneno ya vitu vinavyoonekana na kuguswa. Watu hutaja kwanza wanachokiona. Kisha picha ile ile huchukuliwa ikatumika kuelezea jambo la rohoni. Maadamu lugha haikukatika tangu asili yake, kila msemaji, hata asiyesoma, huiona picha ndani ya neno, na kwa hiyo neno humgusa katika maisha yake. Lugha ya namna hiyo ndiyo iliyo hai.

Lakini ikiwa watu wameacha lugha yao wakashika ya wengine, kama walivyofanya makabila ya Kijerumani yaliyohamia nchi za Warumi na kushika Kilatini, basi hupokea maneno ya rohoni yakiwa yamekwisha kutengenezwa. Picha zilizomo ndani yake zilitoka katika maisha ya watu wengine. Sehemu ya lugha itajayo vitu vya kila siku huweza kuendelea vizuri, kwa kuwa kila mtoto huviona vitu hivyo. Lakini sehemu ya juu, yaani ile ya fikra, haina mzizi. Lugha kama hiyo juu yake hutikisika, chini yake imekufa.

Fichte alitoa mifano mitatu: Humanität, Popularität na Liberalität. Alisema kwamba Mjerumani asiyejua Kilatini akiyasikia maneno hayo husikia sauti tupu, ambapo akiambiwa Menschlichkeit, neno litokalo katika Mensch, yaani mtu, huelewa mara moja. Kisha akatoa matokeo yake kwa jamii: penye lugha hai, elimu huingia katika maisha na watu wote huweza kuelimishwa pamoja; penye lugha iliyokufa, husimama ukuta kati ya wasomi na umma, na wasomi wakauona umma kuwa ni chombo cha kutumiwa tu.

Katika maneno hayo mna ukweli ambao mwanafunzi wa lugha hawezi kuukataa. Kiswahili chenyewe hutoa ushahidi mwingi. Fumbo ni kitu kilichofumbwa, kama macho yanavyofumbwa. Na mwenye kulieleza hulifumbua, kwa kiambishi kile kile cha kutendua kinachotumika kwa macho. Mtoto aliyekwisha kufumba na kufumbua macho yake anao tayari ufunguo wa neno hilo, wala hahitaji mwalimu. Vivyo hivyo msimamo watokana na kusimama, maono na kuona, mwelekeo na kuelekea. Kwamba fikra hupanda kutoka mwilini kwenda rohoni, na kwamba njia hiyo ikionekana katika umbo la neno humsaidia mwenye kujifunza, ni jambo ambalo Fichte aliliona sawasawa.

Linalohitaji kupimwa ni hatua ya pili: kwamba neno lisilotoka katika shina la wenyewe haliwezi kuwa hai kamwe.

IV. Ushahidi wa Kijerumani

Kipimo cha kwanza ni jalada la kitabu chake. Neno Nation, ambalo Fichte alilitumia kuwaita wasikilizaji wake wajitambue, ni la Kilatini, latokana na kuzaliwa. Kwa sheria aliyoiweka mwenyewe, neno hilo lingekuwa sauti tupu masikioni mwa mfumaji wa Rammenau. Lakini ni kwa neno hilo alilotegemea kuzigusa nyoyo za watu, na aliwagusa.

Inaweza kujibiwa kwamba hilo ni neno moja la siasa. Basi na yatazamwe maneno ya nyumbani: Fenster, dirisha, Mauer, ukuta wa mawe, Schule, shule, schreiben, kuandika. Yote manne yaliingia katika Kijerumani kutoka Kilatini zamani sana. Hakuna Mjerumani asemaye kwamba kuandika kwake ni tendo lililokufa kwa sababu kitenzi chake kilitoka kwa Warumi.

Kipimo cha pili ni kizito zaidi, kwa kuwa kinahusu maneno ambayo Fichte aliyahesabu kuwa ya Kijerumani kabisa. Eindruck, yaani kile kinachobaki akilini baada ya kuona au kusikia, lina picha ya kugandamiza ndani. Lakini picha hiyo ndiyo ile ya impressio ya Kilatini, iliyotafsiriwa kipande kwa kipande. Gewissen, dhamiri, liliundwa zamani kwa kufuata conscientia. Begriff, lenye picha ya kushika kwa mkono, limepewa kazi ya conceptus, lenye picha iyo hiyo. Hata Tatsache, ambalo Tathandlung ya Fichte iliundwa kulikabili, ni neno lililotungwa katika karne ya 18 ili kutafsiri msemo wa kigeni. Maneno yenyewe yana mashina ya Kijerumani, lakini picha nyingi zilizomo ziliazimwa. Ikiwa uhai wa neno u katika picha iliyotoka katika maisha ya watu wenyewe, basi sehemu kubwa ya falsafa ya Kijerumani ilikuwa imekufa kabla Fichte hajazaliwa. Kwa kuwa haikufa, kosa liko katika kipimo.

Historia ya vyuo yathibitisha jambo hilo hilo. Mwaka 1687 Christian Thomasius alipotangaza mjini Leipzig kwamba atafundisha kwa Kijerumani, alitenda jambo lisilo la kawaida, kwani lugha ya chuo ilikuwa Kilatini. Baada yake Christian Wolff alikaa miaka mingi akiandika falsafa kwa Kijerumani na kuyapa maneno maana zisizobadilikabadilika, na kwake ndiko kulikotoka neno Bewusstsein, fahamu, ambalo bila yake kitabu cha Fichte kisingeweza kuandikwa. Kwa hiyo lugha ambayo Fichte aliisifu kwa kuwa haikukatika tangu asili ilikuwa imetumika darasani kwa miaka ipatayo 120 tu. Uwezo wake haukurithiwa msituni kwa mababu. Ulitengenezwa na walimu, watafsiri na waandishi, kwa kazi ya vizazi vitano au sita.

V. Ushahidi wa Kiswahili

Fichte hakukijua Kiswahili, lakini ni vigumu kupata lugha inayofaa zaidi kulipima dai lake. Sarufi yake ni ya Kibantu, na sehemu kubwa ya maneno yake ya fikra, ya dini na ya sheria ina asili ya Kiarabu. Hata neno lugha ni la Kiarabu. Kwa sheria ya hotuba ya nne, Kiswahili kingetakiwa kuwa hai jikoni na shambani, na kuwa maiti katika mambo ya akili.

Mfano wa kwanza wa Fichte una ndugu yake katika Kiswahili. Kama Menschlichkeit ilivyotoka katika Mensch, ndivyo utu ulivyotoka katika mtu. Pembeni yake liko neno ubinadamu, ambalo shina lake ni la Kiarabu, wana wa Adamu. Fichte angetazamia kwamba moja liwe hai na jingine liwe sauti tupu. Matumizi ya wasemaji hayasemi hivyo. Kumwambia mtu kwamba hana utu ni kumlaumu vikali katika tabia yake. Ubinadamu hutajwa zaidi panapohusika hali ya kuwa mwanadamu, pamoja na udhaifu na upungufu wake. Mipaka ya maneno hayo mara nyingine hukutana, lakini kwa jumla lugha imeyagawia kazi mbili. Neno la kigeni halikumwua mwenyeji wala halikufa mlangoni. Lilileta tofauti ya maana ambayo lugha isingekuwa nayo kwa neno moja.

Mfano wa pili ni dhana. Katika Kiarabu asili yake ni kudhani na kukisia. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo, kama katika dhana mbaya, kisha kimelipandisha neno hadi likawa istilahi ya wazo la jumla katika elimu. Hatua hiyo haikufanywa Arabuni kisha ikaletwa tayari. Ilifanywa hapa, na wasemaji wa Kiswahili.

Mfano wa tatu ni ujamaa. Jamaa katika Kiarabu ni mkusanyiko wa watu. Katika Kiswahili neno liliingia nyumbani, likawa na maana ya ndugu na watu wa ukoo. Likapata kiambishi u- likawa jina la hali. Na mwaka 1962 Julius Nyerere alipoandika juu ya ujamaa, na tena katika Azimio la Arusha la mwaka 1967, picha iliyowajia wasikilizaji ilikuwa ya watu wa nyumba moja wanaosaidiana. Lo lote liwezalo kusemwa juu ya siasa hiyo na matokeo yake, neno lenyewe lilieleweka vijijini bila ya kamusi. Hapa kuna jambo ambalo Fichte hakulifikiria: neno la kuazima likapata picha mpya kutoka katika maisha ya walioliazima. Mti uliopandikizwa ukatoa mizizi yake wenyewe.

Mfano wa nne unaihusu falsafa yake mwenyewe. Mwenye kutafsiri Ich ya Fichte kwa Kiswahili akisema Mimi, atawafanya wasomaji wafikiri juu ya mtu fulani anayejisifu. Neno linalofaa ni nafsi, lenye asili ya Kiarabu, kwa sababu hutaja roho ya mtu na ule umoja wake wa ndani, na pia kwa sababu wanasarufi wamelitumia katika nafsi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Mwanafunzi aliyekwisha kujifunza kuwa mimi ni nafsi ya kwanza, na ambaye kila siku hutumia kiambishi -ji- katika vitenzi kama kujiona na kujitambua, ameikaribia hoja ya Fichte pengine kuliko mwenye kuisoma katika lugha nyingine. Neno la kigeni na kiambishi cha Kibantu vimefanya kazi pamoja, wala hapana mshono unaoonekana.

Kutokana na mifano hii yaweza kutolewa kanuni. Uhai wa neno haujulikani kwa ukoo wake, bali kwa uzazi wake. Neno lililo hai hunyambulika na kuingia katika ngeli: fikiri huzaa fikiria, fikirisha na fikirika, safari huzaa msafiri na kusafirisha, kitabu huwa vitabu, kana kwamba ki- yake ya Kiarabu ilikuwa kiambishi tangu mwanzo. Neno lisilozaa, hata likiwa na shina la wenyeji, hubaki katika orodha za istilahi.

Wala picha inayoonekana haitoshi kuwa dhamana. Istilahi kivumishi imeundwa kwa shina la Kibantu, kutokana na kuvumisha, yaani kueneza habari au sifa za kitu. Picha hiyo iko wazi, lakini haimwelezi mwanafunzi kazi hasa ya neno kama hilo katika sentensi, wala haimwonyeshi linavyotofautiana na kielezi, ambacho nacho kina picha ya kueleza. Kwa upande mwingine, mofimu haina picha yo yote kwa Mswahili, na hata hivyo wanafunzi huitumia bila ya kuchanganyikiwa, kwa kuwa imefafanuliwa vema. Picha ni msaada kwa anayeanza. Anayeendelea hutegemea ufafanuzi na mazoea.

VI. Athari zake

Fichte alichaguliwa kuwa rekta wa Chuo Kikuu kipya cha Berlin mwaka 1811, mwaka mmoja baada ya kufunguliwa, akajiuzulu mwaka 1812. Vita vya kuwafukuza Wafaransa vilipoanza mwaka 1813, mkewe Johanna alijitolea kuwauguza askari, akaambukizwa homa iliyokuwa ikienea hospitalini. Yeye alipona, bali mumewe aliyeambukizwa baada yake alifariki Januari 1814, akiwa na umri wa miaka 51. Hegel, aliyefariki mwaka 1831, alizikwa karibu naye kwa matakwa yake mwenyewe.

Falsafa ya Nafsi ilichukuliwa na Schelling na Hegel, ikageuzwa. Hotuba za Berlin zilikwenda njia nyingine. Katika karne ya 19 zilisomwa na Wajerumani waliotaka dola moja, na katika karne ya 20 zilitumiwa hata na Wanazi, waliochukua humo waliyoyataka. Zilifika pia nchi za Waarabu kwa mkono wa Sati al-Husri, aliyesimamia elimu nchini Iraq baada ya mwaka 1921, akafundisha kwamba wasemao Kiarabu ni taifa moja.

Je, Fichte ana lawama kwa waliomtumia vibaya? Jibu la haki lina pande mbili. Mwaka 1793 aliandika juu ya Wayahudi maneno ya chuki ambayo hayawezi kutetewa, akisema kwa kejeli kwamba hawafai kupewa haki za uraia mpaka wakatwe vichwa na kupewa vingine. Lakini katika hotuba ya saba alifundisha kwamba aaminiye uhuru wa roho, po pote alipozaliwa na lugha yo yote asemayo, ni wa jamii yao. Na asiyeamini ni mgeni kwao. Maneno hayo yanapingana na hotuba ya nne, kwani ikiwa mwenye lugha yo yote aweza kuingia, basi asili ya lugha si mlango. Fichte hakuupatanisha mgongano huo. Waliomfuata walichagua upande mmoja, na wengi walichagua ule mbaya.

Afrika Mashariki nayo iliguswa na fikra za namna hii, ingawa hapana haja ya kudai kwamba zilitoka moja kwa moja kwa Fichte. Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani aliyefanya kazi Usambara na kuandika sarufi ya Kishambala, alitafsiri Biblia kwa Kiswahili, ikatolewa kamili mwaka 1937. Katika tafsiri hiyo alijitahidi kupunguza maneno yenye asili ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu mahali pake, ili lugha iwe karibu na watu wa bara. Nia yake haikuwa ya kudharauliwa, na kazi yake ilikuwa ya mtu aliyeijua lugha. Lakini Tafsiri ya Muungano iliyotolewa mwaka 1952 haikuifuata njia hiyo. Ilibaki na neema, imani, dhambi, rehema na toba, na ndiyo iliyoenea. Watu wa bara waliodhaniwa kuwa wageni wa maneno hayo walikuwa wamekwisha kuyafanya yao, wakiomba na kuimba kwayo.

VII. Jambo linalobaki

Kosa la Fichte si kuuona ukuta kati ya wasomi na umma. Ukuta huo upo. Kosa lake ni kufikiri kwamba umejengwa kwa asili ya maneno, wakati umejengwa na shule. Wafaransa wa zama zake walikuwa na lugha iliyotokana na Kilatini, na bado walifanya mapinduzi ambayo Fichte mwenyewe aliyatetea kwa kalamu mwaka 1793. Na ukuta wa vyuo vya Kijerumani ulianza kubomoka pale tu walimu walipokubali kufundisha kwa lugha ya watu.

Hapo ndipo Fichte anapostahili kusikilizwa leo. Nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, kisha akiingia sekondari hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi huyo huyakariri maneno ya elimu ya juu pasipo kuyatumia nyumbani, na mzazi wake hawezi kumwuliza amejifunza nini. Hali hiyo yafanana sana na ile iliyoelezwa katika hotuba ya nne: elimu isiyoingia katika maisha. Lakini dawa yake si kusafisha msamiati kwa kuyafukuza maneno ya Kiarabu au ya Kiingereza. Mwenye kutumia miaka yake kuamua kama fikra liondolewe na wazo libaki ataipoteza miaka hiyo bure, kwani lugha inayahitaji yote mawili.

Kazi iliyofanywa na Thomasius na Wolff ndiyo iliyo mbele ya wataalamu wa Kiswahili: kuandika vitabu, kufafanua maneno, na kuyafundisha mpaka yazae. Waundaji wa istilahi wanaweza kuchukua kwa Fichte ushauri mmoja mwema, kwamba penye shina linaloeleweka na watu, litumike kwanza, kwa kuwa humpunguzia mwanafunzi mzigo. Lakini lisipopatikana, neno la kuazima lipewe ngeli yake, linyambuliwe, lifafanuliwe, liachwe lifanye kazi. Fichte alipotaka kuwaambia watu wake kwamba wao ni taifa, alitumia neno la Warumi, nao walimwelewa.